Predinisoloni peke yake kwa uvimbe wa mtoto

Dada wa Nachingwea, umeuliza kama predinisoloni, dawa ya steroidi, peke yake inamtosha mwanao mwenye hemanjioendothelioma, uvimbe wa nadra wa mishipa ya damu, pajani. Kama chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zimeshuka, madaktari sasa hawaitegemei yenyewe tu. Utafiti wa China wa 2022 ulikuwa na watoto 73 wa hali hiyo: waliopewa sirolimasi, dawa inayozuia ukuaji wa uvimbe huo, pamoja na predinisoloni, chembe sahani zilipanda zikatulia kwa 35 kati ya 37 kufikia wiki ya nne, kwa sirolimasi pekee, 24 kati ya 36. Tofauti kubwa hiyo, dada.

Paja likiwa la zambarau, gumu, lina joto, au ukiona vidoadoa vyekundu ngozini, tafadhali usingoje hela ya korosho. Mpeleke Lindi leo. Na predinisoloni usiikatishe ghafla, hata uso ukimvimba kwa sababu yake.