Soriasisi na dawa za Ayurveda
Je, Ayurveda, tiba ya jadi ya India, huponya kabisa soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa muda mrefu? Hapana, haiiondoi kabisa. Kinga ya mwili ndiyo inayoharakisha ngozi kukua, kwa hiyo yale magamba meupe ya viwikoni hutulia, kisha hurudi. Mafuta ya nazi paka tu ukitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, magamba hulainika. Ogopa vya kumeza, hasa dawa za rasa shastra zenye madini: utafiti wa Marekani wa 2008 ulipima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa mtandaoni, karibu 1 kati ya 5 zikakutwa na sumu ya risasi, zebaki au aseniki. Na tafadhali, kama unatumia steroidi za hospitali (dawa za kutuliza uvimbe) usiziache ghafla, ugonjwa unaweza kulipuka vibaya kuliko mwanzo.