Msizinyooshe filimbi za Malaita

Jana nimeletewa tena faili la filimbi za mianzi za Wa-'Are'are, watu wa kisiwa cha Malaita, eti "limesafishwa". Sekunde ya kumi nikavua hedifoni. Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuhamisha kanda za zamani kwenye kompyuta, naandika haya kabla presha haijanipanda.

1. Msiguse toni. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kanda ya Malaita, Visiwa vya Solomon: kikundi cha filimbi kinapiga kwenye karamu ya matanga. Nikasikia noti zimepinda. Nikasema mashine iliyumba, au mianzi ilipasuka. Siku tatu nikakesha na programu, noti moja baada ya nyingine, mpaka zikalingana na kinanda. Ikatoka tamu kama kwaya ya vijana. Nikaipeleka kwa mwalimu kifua mbele. Akasikiliza yote, hakunikatiza. Kisha akachukua karatasi, akaandika 1200 gawanya kwa 7, akanisogezea. Oktavu, yaani kutoka noti moja hadi ile ile ya juu yake, ina senti 1200; senti ni kipimo cha umbali kati ya noti. Jibu ni kama senti 171 kwa kila hatua. Mimi nilikuwa nimezilazimisha ziwe 100 na 200, kama hatua za kinanda! Mafundi wale huigawa oktavu hatua saba zinazokaribia kulingana, nusu toni, ile hatua ya senti 100, haimo. Na aibu iliyonichoma zaidi ni kwamba mimi mtu wa Bukoba, redio ya Uganda ndiyo iliyotulea. Amadinda, marimba ya mbao ya Buganda, huigawa oktavu hatua tano zilizokaribia kulingana, na sikuwahi hata siku moja kusema imepinda.

Halafu nilikuwa nimehifadhi juu ya faili la awali. Bahati kanda yenyewe ilikuwa kabatini. Niliihamisha upya, jioni, bila posho.

2. Kwa hiyo: fanyieni kazi nakala.

3. Mkisikia mpigaji "anaruka" noti, mtafuteni mwenzake. Wanapokezana wawili wawili, pengo la huyu ndiyo zamu ya yule. Mwaka jana mtu aliandika kwenye kadi ya maelezo ya kanda: "Mpigaji wa kushoto hajui wimbo." Nilicheka mpaka nikapaliwa. Kadi nimeibandika juu ya birika la chai, bila jina, mwenyewe anajijua.

4. Nyimbo za kuwaita mababu haziendi mtandaoni kwa sababu tu mmemaliza kuzihamisha. Kijiji kwanza. Wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wabaegu, kaskazini mwa Malaita, uliorekodiwa na mtafiti wa muziki Hugo Zemp, ulikuja kutiwa kwenye wimbo wa kudansi Ulaya mwaka 1992, na hadi leo watu wanauliza mwimbaji aliombwa ruhusa na nani.

5. Kile kialama mwanzoni mwa 'au, neno la Wa-'Are'are, ni herufi, kinatamkwa kooni. Si uchafu wa kibodi, msikifute. Neno lenyewe ni mwanzi, na ni muziki pia, kwa hiyo mkiandika "ala ya mwanzi" kila mahali mtakuwa mmekula nusu ya maana.

Faili la jana liko mezani kwangu. Mwenyewe alifuate, aje na hedifoni.