Daktari Anakujibu: Ninajikuna Usiku Kucha na Hakuna Anayejua Sababu

SWALI

Daktari, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mama wa watoto wanne na ni fundi cherehani hapa Arua. Tangu katikati ya mwezi wa Juni mwili unaniwasha bila kupumzika. Vilianza vipele vidogo katikati ya vidole vya mikono, vikaenea kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na chini ya matiti. Mchana ninavumilia kwa sababu kazi inanishughulisha, lakini nikishalala na kujifunika blanketi, mwasho hunizidi hata nikaamka na kukaa kitandani nikijikuna mpaka damu inatoka. Duka la dawa la kwanza walinipa krimu iliyonituliza siku tatu, kisha hali ikarudi ikiwa mbaya kuliko awali. La pili walinipa dawa ya fangasi, na la tatu walisema damu yangu ni chafu, wakaniuzia vidonge vya kuisafisha. Jirani yangu anasema ni mzio wa samaki, kwa hiyo nimeacha kula mukene na mputa. Nimepimwa VVU na sina. Watoto hawana neno, isipokuwa yule mkubwa anayesoma bweni, ambaye alikuja likizo ya Mei akijikunakuna, nasi tukadhani ni mbu wa shuleni. Sasa mume wangu, ambaye ni dereva wa lori, naye ameanza kuwashwa, na ananiuliza kwa ukali ugonjwa huu nimeutoa wapi. Nifanye nini?

Mama wa watoto wanne, Arua

JIBU

Mama, pole sana kwa usingizi uliokupotea. Barua haiwezi kuchukua nafasi ya macho ya mhudumu wa afya, na mwisho wa jibu hili nitakuomba uende kituoni. Hata hivyo, umeandika mambo ambayo maduka matatu ya dawa hayakukuuliza, na lililo muhimu kuliko yote umelitaja karibu na mwisho, kana kwamba halihusiki: mtoto wa bweni aliyerudi nyumbani mwezi wa Mei akijikuna.

Ninachokishuku ni upele. Hapa Kiswahili chetu kinatutatiza kidogo, kwa kuwa neno hilo hilo tunalitumia kwa kipele chochote kinachotokea mwilini na pia kwa ugonjwa mmoja mahususi, unaoletwa na mdudu mdogo wa jamii ya utitiri. Huyu si utitiri wa kuku. Ni mdudu wa binadamu, ambaye jike lake hutoboa tabaka la juu la ngozi, likachimba njia nyembamba na kutaga mayai humo. Kwa kawaida mtu mzima mwenye ugonjwa huu huwa na wadudu 10 hadi 15 tu mwili mzima, kwa hiyo mwasho unaoupata hautokani na wingi wao, bali ni mwili wako unaowakataa wao, mayai yao na kinyesi chao. Kukataa huko huchukua muda kuanza. Mtu anayeupata kwa mara ya kwanza huanza kuwashwa baada ya wiki 4 hadi 6, na katika muda huo wote anaweza kuwaambukiza wenzake bila kujua. Hesabu mwenyewe kuanzia likizo ya Mei hadi katikati ya Juni, na utaona kwa nini hukuunganisha mambo hayo mawili.

Dalili nyingine zinaelekea huko huko. Mwasho unaozidi usiku, vipele katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, chini ya matiti, na kwa wanaume kwenye sehemu za siri, pamoja na zaidi ya mtu mmoja kujikuna katika nyumba moja, ni picha ambayo afisa tabibu mzoefu huitambua kabla hujamaliza kueleza. Mzio wa samaki haungeanza na mtoto wa bweni, ukaja kwa mama, kisha ukamfikia baba aliye safarini. Rudi kwenye mukene wako, maana unahitaji chakula kizuri. Ama habari ya damu chafu, mimi sijui kipimo chochote kinachoionyesha wala kidonge kinachoisafisha, na fedha uliyoitumia huko ingetosha kununua dawa inayofaa.

Ile krimu ya kwanza inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndiyo inayofanya vipele vingi visijulikane ni nini. Ikiwa ilikutuliza upesi kisha ikakuangusha, huenda ilikuwa na dawa ya jamii ya steroidi, kama vile betamethasoni au klobetasoli. Dawa hizi ni nzuri zikitumiwa mahali pake, hasa kwa ukurutu, lakini haziui mdudu wala fangasi. Zinauzima mwasho na kubadilisha sura ya vipele, hata mhudumu anayekuja kutazama baadaye haoni tena alama zilizokuwapo. Choa kikipakwa krimu hiyo hupoteza duara lake na kuenea pole pole. Ikitumiwa kwa miezi mingi ngozi huwa nyembamba, na ndiyo maana wanaozipaka usoni kutafuta weupe huishia kwa majuto. Acha kuipaka, na siku ya kwenda kituoni chukua kasha lake na makasha ya dawa nyingine zote ulizotumia, hata yaliyo matupu.

Jambo jingine ni la rangi yetu. Vitabu vingi vya ngozi vinazungumzia wekundu, kwa kuwa vimeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Unachoona ni weusi uliozidi, rangi ya kijivu au ya zambarau, na vipele ambavyo kidole huvihisi kabla jicho halijaviona. Mtu akikuambia huna kitu kwa sababu hujawa mwekundu, mwombe akuguse na akutazame penye mwanga wa jua.

Sasa matibabu, iwapo mhudumu atathibitisha kwamba ni upele. Dawa inayopatikana zaidi hapa Uganda ni benzili benzoeti ya asilimia 25, ambayo wengi huiita BBE. Hupakwa baada ya kuoga na kukauka, kuanzia shingoni hadi nyayoni, bila kuruka mahali: katikati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni, makalioni na sehemu za siri. Huachwa saa 24, kisha hurudiwa kama utakavyoelekezwa. Inachoma kidogo palipochubuka, na kwa watoto ni lazima ipunguzwe nguvu, kwa hiyo usiwapimie kwa kukisia. Permethrini ya asilimia 5 ni laini zaidi, ingawa bei yake ni kubwa. Hupakwa jioni, ikaachwa saa 8 hadi 14, kisha ikarudiwa baada ya wiki 1. Viko pia vidonge vya ivermektini, ambavyo havipewi mjamzito wala mtoto mwenye uzito chini ya kilo 15.

Dawa yoyote mtakayopewa, ipakeni nyote usiku mmoja: wewe, mume wako, watoto wote, na yeyote anayelala nyumbani humo, awe anawashwa au hawashwi. Hapa ndipo familia nyingi zinaposhindwa. Mama hujipaka Jumatatu, baba hurudi na lori Alhamisi, mtoto huja likizo mwezi unaofuata, na wadudu wanazunguka kutoka ngozi moja hadi nyingine huku kila mmoja akilalamika kwamba dawa haifanyi kazi. Subiri mume wako awe nyumbani, hata kama itabidi uvumilie siku mbili tatu zaidi, na upeleke habari kwa mlezi wa bweni ili watoto wanaolala pamoja na mwanao watazamwe.

Asubuhi yake fua mashuka, blanketi na nguo mlizovaa siku za karibuni kwa maji ya moto, zianike juani, kisha zipige pasi. Mdudu huyu akitoka kwenye mwili wa mtu huishi siku 2 au 3 tu, kwa hiyo kisichofulika kifungie ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, kwa wiki 1. Huna sababu ya kuchoma godoro, wala ya kuwaogopesha wateja wako kuhusu vitambaa vipya vilivyo dukani.

Ukishatibiwa, mwasho hautakwisha siku hiyo. Unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 wakati mwili ukiondoa mabaki ya wadudu waliokufa, na watu wengi katika kipindi hiki hujipaka dawa tena na tena mpaka ngozi ikaungua. Badala yake, oga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, jifute kwa kubonyeza taulo bila kusugua, kisha jipake mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevu. Nyinyi wa kaskazini mna mafuta ya shea, na kwa kazi hii sioni haja ya kununua kopo la bei kubwa. Kitambaa kilicholowekwa maji baridi, kikiwekwa dakika kumi mahali panapowasha, kinasaidia kuliko kucha. Kidonge cha klorofeniramini wakati wa kulala kitakupa usingizi, lakini mume wako asikimeze akiwa na safari ya kuendesha lori. Wahenga walisema upele humwota asiye na kucha. Mimi nakuomba uwe mtu huyo asiye na kucha, uzikate fupi wewe na watoto, kwa maana vidonda vya kujikuna huingiza bakteria, na baadhi yao huweza kudhuru figo. Mtoto akivimba uso au akikojoa mkojo wa rangi ya chai isiyo na maziwa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Swali la mume wako nalijibu kwa ufupi, naye asome mwenyewe. Ugonjwa huu hupita kwa ngozi kugusana kwa muda mrefu, kama watu wanavyolala kitanda kimoja au mtoto anavyobebwa. Kuwa nao si ushahidi wa uasherati, na kwa mpangilio uliouandika, ulipitia kwa mtoto wenu.

Na kama mhudumu atasema si upele? Basi atakuuliza habari za dawa ulizomeza kabla ya mwasho kuanza, hasa zile zenye salfa kama Septrini. Kama mna ukurutu au pumu katika ukoo. Kama kunguni wamo kitandani. Na kama umewahi kuishi karibu na mito yenye mkondo wa kasi, ambako usubi huuma na kuleta minyoo ya ngozi inayowasha kwa miaka. Usikasirike akitaka kurudia kipimo cha VVU. Kuna vipele vya mikono na miguu vinavyowasumbua watu wenye VVU, ambavyo kwa muda mrefu chanzo chake hakikujulikana, mpaka utafiti uliofanywa hapa Uganda na kuchapishwa mwaka 2004 ulipoonyesha kwamba kwa sehemu kubwa ni mwili unaopokea kuumwa na wadudu kwa ukali uliopita kiasi. Kwa hiyo hata kipele kisicho na jina leo kinaweza kupata jina kesho, mradi kitazamwe kabla ya kupakwa. Anza na kituo cha afya cha serikali kilicho karibu. Ada za matibabu katika vituo hivyo ziliondolewa mwaka 2001. Wakishindwa, waombe barua ya kukupeleka hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo hapo hapo Arua.

SWALI

Mimi ni mwendesha bodaboda Kasese. Nina vipele vinavyowasha mikononi kwa wiki tatu, na abiria wakiviona wanashuka wakisema nina mpox. Je, ni kweli?

JIBU

Ndugu yangu, abiria wako wana kumbukumbu, kwa kuwa wagonjwa wa kwanza wa mpox kuthibitishwa nchini mwaka 2024 walitoka wilaya hiyo hiyo. Lakini mpox kwa kawaida huja na homa, maumivu ya kichwa na mgongo, na mitoki iliyovimba. Vipele vyake huanza kama madoa, vikainuka, vikajaa maji kisha usaha, vikakauka na kufanya magamba, na mara nyingi huuma kabla ya kuwasha. Vipele vidogo vya kuwasha tu, visivyobadilika kwa wiki tatu na bila homa, havifanani na hayo. Hata hivyo, nenda utazamwe. Mpaka upate jibu, funika mikono unapofanya kazi na usichangie taulo na mtu. Ukipata homa au malengelenge, egesha pikipiki, kaa peke yako na uwapigie simu wahudumu wa afya kabla ya kwenda.

SWALI

Nina mimba ya miezi saba, ninaishi Jinja. Viganja na nyayo zinaniwasha usiku, lakini sina kipele hata kimoja. Mama mkwe anasema ni nywele za mtoto.

JIBU

Dada, mama mkwe umheshimu, ila usimsikilize katika hili. Mwasho wa viganja na nyayo bila kipele, katika miezi ya mwisho ya mimba, unaweza kuwa dalili kwamba nyongo haitoki vizuri kwenye ini, hali inayoweza kumhatarisha mtoto tumboni. Krimu haitakusaidia, unahitaji kupimwa damu ili kuangalia ini, na mkunga asikilize mapigo ya moyo wa mtoto. Mkojo ukiwa mweusi au macho yakiwa ya njano, au mtoto akipunguza kucheza, nenda usiku huo huo. Hata bila dalili hizo, nenda kesho asubuhi, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yako ya kliniki.