Re: Mtoto wa darasa la tatu anaikimbia hesabu

Waalaykum salaam dada. Umeuliza umfanyeje mwanao anayelia kila akiambiwa aseme jedwali la kuzidisha. Daftari liweke kando kwanza, anzeni na vidole.

Anyooshe vidole vyote kumi mbele yake. Ukimuuliza 9 mara 4, akunje kidole cha nne kutoka kushoto. Kushoto kwa kile alichokunja vimebaki 3, kulia 6: jibu 36. Ajaribu mwenyewe mpaka 9 mara 10, wala usimkimbilie kumsahihisha. Atadhani ni mazingaombwe, na akiuliza kwa nini, ndipo umwambie 9 ni 10 kasoro 1, basi 40 ukitoa 4 unapata 36. Swali hilo lina thamani kuliko jibu.

Kuzidisha kwa 5 ni kuzidisha kwa 10 kisha kukata nusu: 18 inakuwa 180, halafu 90.

Mkienda sokoni Darajani, chenji aihesabu yeye. Vitu vya 3,700, umetoa 10,000: asihangaike kutoa, apande tu. 300 kufika 4,000, kisha 6,000. Jumla 6,300.

Na bao jamani tunalo mlangoni! Bao kamili lina mashimo 32 na kete 64. Kwake chimbeni mashimo machache mchangani. Kabla hajagusa kete, aseme ya mwisho itaangukia wapi. Hiyo ni hesabu ya kichwani hasa.

Kumshindanisha na kaka zake kwa kasi mimi sikushauri kabisa. Mtoto mzito wa kujibu hunyamaza, akazoea kunyamaza.