Natembea masaa matatu sioni kitu: majibu ya maswali yenu ya springi

Dada habari za siku. Mimi niko Leicester, Uingereza, mwaka wa sita sasa. Springi, yaani majira ya maua baada ya baridi, ikifika tu, kila Jumatatu wenzangu kazini wanasimulia walivyotembea mashambani, mara wameona ndege sijui gani, mara vipepeo, mara maua. Mwaka jana nami nikanunua buti, nikachukua watoto, tukatembea masaa matatu. Tulichoona ni matope na kondoo. Halafu muda wote moyo uko juu juu, naona mwenye shamba atatokea atufukuze. Nakosea wapi? Mama Wawili, Leicester

Mama Wawili pole, ila nimecheka maana umenikumbusha mimi mwenyewe.

Tumalize kwanza hilo la mwenye shamba. Huku kuna njia za miguu za umma zinakatiza katikati ya mashamba ya watu, England na Wales peke yake ukiziunga zote ni kama kilomita 225,000, na haki yako ya kupita pale ni kama barabarani tu, hakuna wa kumpigia hodi. Tafuta mshale wa njano kwenye nguzo au kwenye geti, huo ni wa waenda kwa miguu, wa bluu ni njia ambayo farasi na baiskeli nao wanapita. Geti ukilikuta limefungwa lifunge, ukilikuta wazi liache wazi. Ng'ombe wenye ndama wapitie mbali kabisa, sisi tuliokulia Uchagani na ng'ombe wa zizini tunajidanganya tunawajua, ng'ombe wa huku anashinda uwanjani na ndama wake na wewe hakujui ni nani.

Sasa kosa lako ni mwendo. Masaa matatu mfululizo na watoto, hiyo ni safari mama! Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikuwa natembea kama nawahi daladala ya mwisho, narudi nyumbani nimeona sawasawa na wewe, kondoo. Siku moja mwezi wa nne soli ya kiatu ikabanduka, nikakaa kwenye ngazi ya kuvukia uzio kumsubiri mzee wa nyumbani aje na gari, akachukua kama dakika arobaini. Nikiwa nimenuna pale akaja kipepeo mweupe, akatua kwenye ua jeupe karibu kabisa na goti langu, akakunja mabawa, akapotea. Hajaruka, yupo palepale, ila chini ya bawa ana mabaka ya kijani kama ukungu wa kwenye mkate, na lile ua nalo ni nyeupe na kijani, basi jicho linampita tu. Alipofungua tena ndio nikaona zile ncha za mabawa, chungwa kali, utadhani kazichovya kwenye kopo la rangi. Huyo ndio dume. Jike hana hilo chungwa, lakini ukimuona anazungukazunguka kwenye ua subiri aondoke, halafu inama uchungulie chini kidogo ya ua, unaweza kukuta yai moja, dogo kuliko punje ya ulezi. Linatagwa jeupe, baada ya siku chache linageuka rangi ya chungwa. Anaweka moja moja kwa sababu viwavi wake wakikutana wanalana.

Kwa hiyo safari hii chagua kilomita moja tu, na ndani yake mkae sehemu tatu, dakika kumi kumi, watoto wape kazi ya kutafuta hilo yai uone kama watakusumbua. Kama unataka ndege toka alfajiri, mwisho wa mwezi wa nne na mwezi wa tano ndio wanaimba hasa, kukipambazuka tu ni kelele tupu. Vipepeo ni wavivu, wanataka jua, saa nne asubuhi kwenda mbele. Usijaribu vyote kwa siku moja utachoka bure.

Na usianze na ndege kumi, anza na mmoja. Kuna kadogo ka rangi ya majani makavu kanafika mwezi wa tatu, kanakaa juu ya mti usikaone, na wimbo wake ni sauti mbili tu, chif, chaf, chif, chaf, Wazungu wamempa jina hilohilo. Mwanangu anasisitiza huyo ndege anakagua nguo zilizofuliwa: safi, chafu, safi, chafu. Sasa ukishasikia hivyo hutamsahau tena. Ipo na apu ya bure inaitwa Merlin, ya chuo cha Cornell kule Marekani, unaiwasha inasikiliza inakutajia ndege anayeimba, nzuri sana ila usiiamini asilimia mia. Suruali ndefu, ingiza kwenye soksi, kupe wapo na wengine wana ugonjwa.

Shikamoo dada. Karibu na kwetu kuna msitu mwezi wa tano chini kote ni maua ya bluu kama zulia, na pembeni kuna majani yananuka kitunguu saumu. Naweza kuchimba yale ya bluu nikapande kwangu? Na hayo majani yanalika kama mchicha? Msomaji, Kent

Marahaba. Ya bluu usiguse. Hayo ni blubeli, na yanalindwa na sheria ya 1981, kuchimba kitunguu chake msituni ni kosa, na hata kuyakanyaga tu majani yake yakivunjika mmea unadhoofika, nawaona watu wanaingia katikati kupiga picha ya harusi naumia. Simama kwenye njia, piga picha, ondoka. Ukitaka ya kupanda yanauzwa dukani.

Yanayonuka ndio kitunguu saumu mwitu na ndiyo, yanalika, mimi nakaanga na nyanya nakula na ugali. Kuchuma majani machache ya kula nyumbani sawa, kung'oa na mizizi bila ruhusa ya mwenye ardhi hapana. Ila kuna mtego. Katikati yake inaota mimea mingine ya sumu, mmoja jani lake likiwa changa linafanana nayo, likikua linakuwa na umbo la mkuki. Watu wanasema nusa tu, sasa ukishachuma majani matatu vidole vyako vyote vinanuka saumu, hata ukishika karatasi itanuka! Kwa hiyo angalia jani moja moja kwa macho, usikwangue kwa konzi kama unachuma matembele.

Mimi ni mtu wa Bukavu, naishi Birmingham. Mzee mmoja wa huku kaniambia ndege wa springi wanatoka kwetu Kongo. Ni kweli ama ananifurahisha?

Kweli kabisa ndugu yangu. Yule anayeita kuu-kuu mwezi wa nne, watafiti wa huku wamekuwa wakimfunga kifaa cha setilaiti mgongoni tangu 2011, na kimewaonyesha anakaa kipindi cha baridi kwenye misitu ya bonde la Kongo. Tena wengi mwezi wa sita wanaanza kuondoka, kayatupia mayai viota vya wenzake, hana cha kulea, anasubiri nini? Ukipiga hesabu Uingereza ndio ugenini kwake.

Mbayuwayu naye anakwenda mbali zaidi. Zamani kuna waliosadiki analala kwenye tope la bwawa mpaka baridi iishe. Mmoja akavalishwa pete mguuni Staffordshire mwezi wa tano 1911, mwezi wa kumi na mbili 1912 akaokotwa Natal, Afrika Kusini, na pete yake.

Dada mnatutambia springi sisi wa Mbeya hatuna! Msomaji

Ha! Wewe wa Mbeya ndio hunipati hata kidogo, Kitulo iko hapo kwenu. Ilitangazwa hifadhi ya taifa 2005, kwa ajili ya maua hasa, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Okidi tu zipo aina zaidi ya 40, watu wanachimba viazi vyake kupeleka Zambia kutengeneza chikanda, chakula cha huko, na inauma sana. Nenda mvua zikiwa zimekolea, Desemba mpaka Aprili, utakuta na tandawala, ndege mkubwa, anatembea kwenye nyasi kama mkaguzi wa shule, na mbayuwayu wa bluu ambao ni adimu dunia nzima, wanazalia huko. Ukipandia Chimala kuna zile kona 57, mvua ikinyesha usiende na gari dogo. Na uko juu ya mita 2,600, sweta sio la mapambo.