Mguu Ukiachia, Gari Linashika: Majibu kwa Wasomaji Wenye Magari ya Umeme

Barua zinazotufikia kutoka Moshi na Arusha kuhusu magari ya umeme zimeongezeka, na nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: kwa nini gari linapunguza mwendo lenyewe dereva anapoachia kanyagio, na mtu alizoee vipi. Toleo hili tumechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa ndani yake mna mambo yanayowahusu wote.

Swali. Ndugu mwandishi wa safu, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu na nimeendesha magari ya gia kwa zaidi ya miaka thelathini bila ajali. Mwezi uliopita kijana wangu aliniletea gari la umeme lililotumika, kutoka Japani. Nikiachia kanyagio tu, gari linajishika kama mtu aliyevutwa shati kwa nyuma. Tulipopanda Marangu msibani, mke wangu alikaa kiti cha nyuma, na tulipofika alishuka moyo umemchafuka. Kesho yake, karibu na Mnara wa Saa, daladala nusura itugonge kwa nyuma, na kondakta akanitolea maneno mazito. Je, gari lina hitilafu? Na je, mtu wa umri wangu anaweza kulizoea?
*Mwalimu mstaafu, Soweto, Moshi*

Jibu. Mwalimu, shikamoo. Gari lako halina hitilafu, na umri wako hauna kosa katika jambo hili. Kinachokusumbua ni mazoea mema ya miaka thelathini yaliyokutana na chombo kinachofanya kazi kwa namna nyingine. Katika gari la petroli au dizeli, kunyanyua mguu ni kupumzika: gari linaendelea kwenda kwa nguvu lililokuwa nayo, na ukitaka lipungue unahamia kwenye breki. Katika gari la umeme, kunyanyua mguu ni kuliamuru gari lipunguze mwendo. Mara unapoachia, mota iliyokuwa ikizungusha magurudumu huanza kuzungushwa na magurudumu hayo hayo, ikageuka kuwa jenereta inayorudisha umeme kwenye betri. Kuzalisha umeme ni kazi, na kazi hiyo inalipwa kwa mwendo wa gari. Bila shaka unaikumbuka dainamo ya baiskeli ya Phoenix: ulipoilaza iguse tairi ili taa iwake, miguu ilihisi uzito papo hapo. Gari lako linayo dainamo ya aina hiyo, isipokuwa hii ina nguvu ya kushika tani moja na nusu.

Utaratibu huu si wa jana. Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, ilikuwa nao, na wengi wetu tumepanda magari ya namna hiyo bila kutambua, kwa sababu sehemu kubwa ya ushikaji huo ilikuja dereva alipokanyaga breki. Magari mengi ya umeme yameuhamishia kwenye kanyagio la mwendo, na hapo ndipo mguu wako ulipokutana nao.

Kwa hiyo, Mwalimu, kitu cha kujifunza ni kunyanyua mguu kwa kipimo. Mguu wako unajua kukanyaga kwa kipimo, kwa maana hukanyagi mafuta yote kwa mkupuo. Sasa ujue na kuachia vivyo hivyo. Kanyagio lina sehemu tatu. Ukilikandamiza, gari linavuta. Ukiliachia kabisa, gari linashika. Katikati kuna mahali pembamba ambapo gari halivuti wala halishiki, bali linateleza tu kwa mwendo wake. Mahali hapo utapaona kwenye dashibodi, kwa kuwa mshale au vidoa vya umeme husimama katikati, kati ya upande wa kutumia na upande wa kurudisha. Tafuta barabara tupu asubuhi ya Jumapili, fika kilomita 40 kwa saa, kisha unyanyue mguu polepole mpaka vidoa visimame katikati, na uushikilie hapo. Rudia mpaka kifundo cha mguu kipajue bila macho kushuka kwenye dashibodi.

Mimi somo hili nililipata siku ya soko la Tengeru. Nilikuwa nimeazima gari la rafiki, na kwenye kiti cha nyuma niliweka kapu la maparachichi. Nilipofika kwenye tuta la kwanza nikaachia kanyagio kama nilivyozoea, na nyuma yangu nikasikia parachichi moja likidondoka, kisha la pili, kisha kapu zima likalala na maparachichi yakabingirika hadi chini ya kiti changu. Nikasimama pembeni, nikayaokota, nikaendelea kuelekea Usa River nikiwa nimeamua kwamba kila tuta nitaanza kuliachia mita thelathini kabla, taratibu, kama mtu anayeshusha mtungi wa maji kichwani. Barabara ya Arusha hadi Moshi ina matuta ya kutosha kumfundisha mtu. Nilipovuka Kikatiti, kapu lilikuwa bado limesimama.

Mama naye alichafukwa na moyo kwa sababu hiyo hiyo. Mtu aliyekaa nyuma haoni mguu wako, kwa hiyo kila unapoachia na kukanyaga tena mwili wake unasukumwa mbele na kurudishwa nyuma bila yeye kujiandaa. Njia ya kona nyingi kama ya Marangu inazidisha hali hiyo. Mpe kiti cha mbele kwa majuma haya ya kwanza, na wewe utazame mbali zaidi ya ulivyozoea, ili uione kona na uanze kuachia mapema. Magari mengi pia yana viwango viwili au zaidi vya ushikaji. Kwa lako huenda ni herufi D na B kwenye kigingi cha gia, B ikiwa ndiyo yenye nguvu zaidi. Wapo wanaoshauri uanze na B moja kwa moja ili uzoee haraka. Sikubaliani nao ukiwa na abiria. Anza na D mjini kwa wiki mbili, na B uiweke akiba kwa ajili ya miteremko.

Sasa daladala. Hili nakuomba ulichukulie kwa uzito kuliko yote niliyokwisha kusema. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 13-H, ambayo watengenezaji wa nchi nyingi huifuata, inasema kwamba ushikaji wa umeme unaotokana na kuachia kanyagio ukipunguza mwendo kwa zaidi ya mita 1.3 kwa sekunde katika kila sekunde, taa za breki lazima ziwake; ukiwa hauzidi 0.7, haziruhusiwi kuwaka. Kati ya hapo ni hiari ya mtengenezaji. Kiwango hicho cha 1.3 kinamaanisha kwamba gari lililokuwa na kilomita 50 kwa saa litasimama baada ya sekunde 11 hivi, likiwa limekwenda mita 74. Kwa maneno mengine, gari linaweza kupungua mwendo kwa kiasi kinachomgusa aliye nyuma huku taa zake zikiwa zimezima, na magari ya zamani yasiyofuata kanuni hiyo yanaweza kufanya hivyo kwa kiasi kikubwa zaidi. Mwombe kijana wako akufuate kwa gari jingine jioni, uachie kanyagio kwa viwango vyote, naye akuambie taa zinawaka lini. Ukishajua, basi kila unapoona daladala au bodaboda imekukaribia nyuma, anza kuachia polepole, kisha uguse kanyagio la breki kidogo sana, taa ziwake. Kondakta yule alikosea maneno, lakini huenda kweli hakuona taa.

La mwisho kwako, Mwalimu. Ukishazoea, utaona unaweza kuvuka sehemu kubwa ya mji bila kugusa breki, na hapo ndipo ninapoogopa. Mguu unaokaa kanyagio moja siku nzima husahau njia ya kwenda kwenye la pili, na siku mtoto anapokimbilia mpira barabarani ushikaji wa mota pekee hautoshi. Mara moja kwa wiki, mahali pasipo na watu, kanyaga breki kwa nguvu hadi gari lisimame. Na ikiwa gari lako la zamani bado liko nyumbani na unaliendesha siku nyingine, kabla ya kuliwasha kaa kidogo ujikumbushe kwamba hilo, ukiachia mguu, halijishiki kama hili.

Swali. Naishi Ilboru na kazi yangu iko mjini Arusha. Nachaji gari usiku kucha. Asubuhi nikishuka, gari halishiki kabisa ninapoachia, na mara ya kwanza nilishtuka sana. Jioni linashika vizuri. Fundi aliniambia pedi za breki zimekwisha, akanibadilishia, na hali ni ile ile.
*Mama wa watoto wawili, Ilboru, Arusha*

Jibu. Mama, pole kwa gharama ya pedi ambazo huenda zilikuwa bado nzima. Fundi alitafuta ugonjwa kwenye breki, nao haupo huko. Betri iliyojaa haina mahali pa kupokea umeme, kama ndoo iliyojaa isivyoweza kuongezwa maji, kwa hiyo kompyuta ya gari inapunguza au kuzuia kabisa kazi ya jenereta. Wewe unaamka na betri iliyojaa, na nyumba yako iko juu mlimani, hivyo unateremka wakati ambapo gari haliwezi kukushika. Baridi ya asubuhi ya Juni na Julai nayo huchangia kidogo, kwa kuwa betri ya baridi hupokea umeme kwa kusita.

Dawa yake ni kuacha kujaza hadi mwisho. Weka chaji ikome kwenye asilimia 80 au 85, kwa mpangilio wa gari lenyewe au kwa kuhesabu saa, na betri nayo itadumu zaidi kwa utaratibu huo. Siku unayohitaji kujaza yote kwa ajili ya safari, jua kabla hujatoka getini kwamba mteremko wote utakuwa wa breki za kawaida, na uanze taratibu tangu juu.

Swali. Sisi madereva tumezoea kuweka gari fri kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Kwenye gari la umeme inasaidia? Na ni kweli kwamba ukishuka kutoka Marangu betri inajaa?
*Dereva wa watalii, Usa River*

Jibu. Kaka, tabia hiyo ilikuwa hatari hata kwenye dizeli, na kwenye umeme ni hasara juu ya hatari. Ukiweka N, unaikata mota isifanye kazi ya jenereta: umeme haurudi hata kidogo, na uzito wote wa gari unaangukia breki za diski, ambazo kwenye mteremko mrefu hupata moto hadi zikaacha kushika. Teremka na gia, kwenye B.

Kuhusu Marangu, tufanye hesabu. Kutoka Himo hadi lango la hifadhi ni kupanda karibu mita 1,000. Kuliinua gari la kilo 1,600 kwa kimo hicho kunakula takriban uniti 4.4, uniti hizi hizi tunazonunua za LUKU, mbali na zile za kuliendesha tu. Ukishuka, sehemu ya umeme huo hurudi, lakini si wote: upepo na msuguano wa tairi huchukua fungu lao, na mota na betri nazo hupoteza kwa joto. Ukipata uniti 2 hadi 3 umeendesha vizuri. Kwenye betri ya uniti 24 hiyo ni kama sehemu moja ya kumi, kwa hiyo betri haijai, ila utafika Himo ukiwa na chaji nyingi kuliko uliyoanza nayo kule juu, na hilo gari la dizeli halijapata kulifanya. Linganisha na mjini: kusimama mara moja kutoka kilomita 50 kwa saa kunatoa nguvu ndogo mno, kiasi kwamba mlima ule mmoja ni sawa na kusimama mara mia moja.

Angalizo la masika. Ushikaji wa mota huwa kwenye magurudumu yanayozungushwa na mota tu, na mara nyingi hayo ni mawili. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, ukiachia ghafla magurudumu hayo yanaweza kuteleza, kompyuta ikauondoa ushikaji kwa nukta moja, nawe ukahisi kama gari limekuponyoka. Mvua ikinyesha, shusha kiwango cha ushikaji na utumie breki kwa upole, ili magurudumu yote manne yashiriki.

Swali. Gari langu la umeme likilala nje kwenye mvua, asubuhi breki zinalia kama chuma kinachosagwa. Ni mbovu?
*Kijana wa Majengo, Moshi*

Jibu. Kijana wangu, hiyo ni kutu. Diski za gari la kawaida husuguliwa na pedi kila siku zikabaki zinang'aa, lakini zako hazitumiki sana kwa kuwa mota ndiyo inayofanya kazi, na ule utando wa kutu unabaki. Ukitoka asubuhi, kwenye njia tupu kanyaga breki mara tatu au nne kwa nguvu ya wastani na mlio utaisha. Kama haujaisha baada ya siku chache, fungua gurudumu diski ziangaliwe, na usisahau kubadilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili hivi hata kama pedi ni mpya, kwa sababu mafuta hayo hunyonya unyevu yakiwa yamekaa tu.