Maswali ya Wasomaji: Gari Dogo la Kwanza

Barua nyingi za mara hii zimetoka kwa vijana wanaonunua gari kwa mara ya kwanza. Tumechagua tano.

Nina miaka 24, nakaa Mbezi na kazi yangu iko Posta. Nimejichanga nimefikisha milioni 12. Nimeona IST namba D, Vitz namba E na Honda Fit, ambayo bei yake iko chini kuliko zote na ndiyo inayonivutia zaidi. Dalali ananiambia nichukue namba E kwa sababu ndiyo mpya. Nishaurini. — Dereva mtarajiwa, Dar es Salaam

Hilo la namba liweke kando. Herufi ya namba inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, haionyeshi lilitengenezwa lini Japani. Gari la mwaka 2005 likishuka bandarini leo litapewa namba ya leo. Ukweli wa gari uko kwenye kibao kidogo cha bati ndani ya chumba cha injini. Fungua boneti ukisome.

Kwenye mstari wa MODEL, Vitz yenye KSP90 ni ya cc 1000, silinda tatu. SCP90 ni ya cc 1300, silinda nne. Kwa IST ya kwanza, ile ya 2002 hadi 2007, NCP60 ni cc 1300, NCP61 ni cc 1500, na NCP65 ni cc 1500 inayovuta tairi zote nne. Hiyo ya mwisho usiichukue kwa safari za Mbezi na Posta: ina uzito zaidi, inakunywa zaidi, na ina shafti na difu ya nyuma za kutunza bila sababu. Kisha shuka kwenye mstari wa TRANS/AXLE. Kwa Toyota hizi, herufi ya kwanza ikiwa U ni otomatiki ya gia za kawaida, K ni CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia), C ni manyuo, yaani gia za kubadilisha kwa mkono. Dalali wengi hawajui hili, na ndilo litakaloamua utaweka oili gani kwenye gia boksi. Ukichanganya oili ya CVT na ya otomatiki, gia boksi haidumu.

Fit ni gari zuri kweli. Tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele, ndiyo maana viti vya nyuma vinalala kabisa na unaweza kupakia hata baiskeli. Lakini kama ni ile ya kwanza, GD1, kuna sababu ya bei kuwa chini. Injini yake ya cc 1300 ina plagi nane, mbili kwa kila silinda, na fundi akiona zile nne za mbele tu anabadilisha hizo na kuziacha za nyuma. Gari linaendelea kukosa nguvu na wewe umeshalipa. Gia boksi yake ni CVT yenye klachi ya kuondokea, inayotaka oili ya Honda iliyoandikwa HMMF. Ikiwekwa oili nyingine, au ikicheleweshwa, gari linatetemeka kila unapoondoka kwenye foleni. Jaribu hivi: simama kwenye mwinuko mdogo, achia breki taratibu, kanyaga kidogo. Likitetemeka kama linataka kuzima halafu likatulia, hiyo ndiyo shida yenyewe. Mara nyingine kubadilisha oili mara mbili na kuisawazisha upya klachi kwa kompyuta kunatosha, mara nyingine hakutoshi. Kwa gari la kwanza na fedha za kuhesabu, sisi tungeliacha.

Kati ya IST na Vitz, tungechukua IST ya NCP60 au NCP61 yenye gia za kawaida, kwa sharti kwamba haili oili. Spea zake ziko kila duka la Kariakoo na fundi wa mtaa wowote anaijua. Injini zake, 2NZ na 1NZ, zinatumia cheni badala ya taimingi belti, kwa hiyo hakuna belti ya kubadilisha kila kilomita laki moja. Udhaifu wake ni ringi za pistoni kuganda kwa masizi pale wenye gari walipochelewesha oili. Injini iliyofika hapo hupunguza oili kimya kimya, bila kuvuja tone chini.

Kwa hiyo nenda kuliona asubuhi, na umwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta: maji yenye rangi ya kutu ni ishara kwamba kulanti, yaani maji maalumu ya kupoozea injini, haijawekwa miaka mingi. Fungua kifuniko cha oili: ute mweupe kama mtindi una maana maji yanaingia kwenye oili, achana na gari hilo. Washa funguo bila kupiga starta na utazame dashibodi. Taa ya cheki injini na ya earbegi lazima ziwake. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameitoa au ameiziba ili usione. Sasa piga starta na mwenzako asimame nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na mara nyingi huonekana vizuri zaidi injini ikishapata moto, ukikanyaga ghafla baada ya kuliacha dakika tano likiunguruma. Moshi mweusi ni petroli nyingi. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto ni kulanti.

Barabarani, kata usukani hadi mwisho na uondoke polepole. Mlio wa ta-ta-ta ni jointi ya nje ya draivu shafti. Pita kwenye matuta redio ikiwa imezimwa: kugonga kwa mbele mara nyingi ni linki za stebilaiza au bushi, si jambo la kukuogopesha, ila lipunguze kwenye bei. Ukitoka N kwenda D gia ishike ndani ya sekunde moja hivi, bila kukupiga mgongoni.

Namba ya fremu iliyogongwa kwenye bodi ilingane na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Na usimalize milioni 12 zote kwa muuzaji. Baki na milioni moja na nusu: kuna uhamisho wa umiliki, bima, na sevisi ya siku ya kwanza, yaani oili ya injini (lita 3.7 pamoja na filta kwa 1NZ), filta ya hewa, plagi nne, oili ya gia boksi, na breki zikaguliwe. Tairi zisome ubavuni, penye DOT: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. 1517 ni wiki ya 15 ya mwaka 2017. Kashata za tairi zinaweza kuonekana mpya kabisa huku mpira umeshakauka.

Redio ya gari langu kutoka Japani haishiki stesheni nyingi za hapa, inaishia 90. Na siku fundi alipotoa betri ikajifunga na kuomba kodi, yaani namba ya siri. — Tanga

Redio ya Japani kama hiyo yako inasikiliza FM kuanzia 76 hadi 90, na zetu zinafika 108. Kuna kifaa kidogo cha kugeuza masafa kinachochomekwa kwenye waya wa antena. Kinafanya kazi, lakini stesheni zitaonekana kwa namba zisizo zake na nyingine zitapandana. Kuhusu kujifunga, hiyo ni kinga ya wizi, na kodi alikuwa nayo mwenye gari wa Japani. Badala ya kulipa watu wa kubahatisha kodi, nunua redio mpya ya skrini pamoja na fremu ya kuizibia nafasi na soketi ya kuunganishia. Usikubali waya zikatwe na kufungwa kwa selotepu, maana hapo ndipo shoti za gari dogo huanzia.

Vitz yangu ilichemsha njiani kutoka Shinyanga. Fundi akatoa themostati na kuitupa, akasema huku kwetu ni joto haihitajiki. Sasa haichemshi mjini, lakini mafuta yanaisha haraka, na milimani mshale bado unapanda. — Mwanza

Huu ushauri umeharibu injini nyingi nzuri, na tunaomba kila msomaji aukatae. Themostati haiko pale kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifike kwenye joto lake la kazi, na yenyewe huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kidogo. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto. Kompyuta ikisoma ubaridi inaongeza petroli kama mtu aliyevuta choki, na petroli hiyo ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda. Hapo ndipo mafuta yako yanapokwenda. Na sababu iliyochemsha gari siku ya kwanza bado iko palepale, ndiyo maana milimani mshale unapanda.

Itafute kwa utaratibu huu. Injini ikiwa baridi kabisa, jaza rejeta, liwashe kifuniko kikiwa wazi na utazame. Vibubujiko visivyokoma, hasa ukikanyaga, vina maana gesi ya silinda inapita kwenye gasketi ya hedi. Hedi itafunguliwa na kupimwa kama imepinda kabla ya kuwekwa gasketi mpya. Kusipokuwa na vibubujiko, subiri feni iwake. Isipowaka, anza na fyuzi, kisha rilei, kisha mota ya feni. Feni ikiwa nzima, pitisha mkono mbele ya rejeta baada ya kuzima injini, bila kuigusa: sehemu iliyo baridi katikati ya moto imeziba. Tazama pia pampu ya maji, kama ina alama ya majimaji yaliyokauka chini yake, na mpira wa kifuniko cha rejeta. Kifuniko kilicholegea kinashusha presha na maji yanachemka mapema, na kukibadilisha ni gharama ndogo kuliko zote.

Ukishapata sababu, rudisha themostati mpya na oringi yake, ile pini ndogo ya kutolea hewa ikae juu. Mwaga maji yote, suuza, weka kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi. Maji ya bomba peke yake yanakula alminiamu ya injini hii kutoka ndani. Acha kifuniko wazi, weka hita kwenye joto la mwisho, liache liungurume mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, ongeza kilichopungua, funga. Asubuhi angalia tena kabla ya kuliwasha.

Nataka kuagiza Mazda Demio kutoka Japani. Ya dizeli ni bei nafuu kuliko ya petroli na wanasema haili mafuta. — Mombasa

Haili mafuta, ni kweli, na inavuta vizuri ajabu kwa gari la umbo lile. Lakini dizeli ile ya cc 1500 ina filta ya masizi ambayo inajisafisha kwa joto la safari ndefu. Kwa mwendo wa Nyali hadi mjini na kurudi, haipati nafasi. Filta inaziba, masizi yanajaa kwenye njia za hewa, na dizeli isiyoungua inashuka kwenye oili mpaka kiwango chake kinapanda juu ya alama. Kama safari zako ni Mombasa na Voi kila wiki, ifikirie. Vinginevyo chukua ya petroli.

Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, na mpaka husogea kila Januari: kwa mwaka 2025 ilikuwa lazima liwe limesajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2018. Hesabu tarehe ya kufika bandarini, si ya kulipia. Demio ya petroli ilibadilishwa injini katikati ya 2018 kutoka cc 1300 hadi 1500. Gia boksi yake ni otomatiki ya gia sita, si CVT. Muulize muuzaji karatasi ya mnada: alama R au RA ina maana liligongwa likatengenezwa, na XX kwenye mchoro ni kipande kilichobadilishwa. Kilomita zilinganishe na zile za cheti cha kusafirishia. Na kama lina mfumo wa kuzima injini kwenye foleni, betri yake ni Q-85. Betri ya kawaida itakufa mapema.

Vitz yangu ina tairi 165/70R14. Nataka rimu za 17 na spring fupi, liwe chini. — Morogoro

Kipenyo cha tairi zako ni milimita 587 hivi. Ukiweka 205/45R17 unafika 616, asilimia 5 zaidi: spidi ya dashibodi itasoma 100 ukiwa unakwenda 105, gari litakuwa zito kuondoka, na ukikata kona umebeba watu nyuma, tairi zitasugua. Ukitaka rimu kubwa bila kuharibu hesabu, 195/45R16 ina milimita 582. Rimu iwe ya nati nne kwa 100 (nati nne kwenye duara la milimita 100), na tundu la kati milimita 54.1, likiwa kubwa zaidi, nunua ringi za kuzibia nafasi hiyo, la sivyo usukani utatetemeka kwenye 90 na fundi atakulia fedha za balansi bure. Spring fupi tunakuomba uziache. Shokapu za kawaida zinafika mwisho kwenye kila tuta, zinavuja ndani ya miezi, na kitu cha kwanza kugusa lami chini ya Vitz ni sampu ya oili.